Uvimbe Huu Unasikiliza Nini?

Hotuba hii niliitoa Tanga mbele ya wauguzi, wanafunzi wa maabara na familia zinazouguza. Naiweka hapa yote, karibu kama nilivyoisema, kwa ajili ya wale waliotaka kuja wakashindwa.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za asubuhi.

Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo naomba niingie moja kwa moja kwenye shughuli. Kazi yangu ni maabara. Mgonjwa hanijui wala hanioni. Daktari akishachukua kinyama kwenye uvimbe, mimi ndiye ninayekipokea kikiwa kwenye kikopo chake. Nakigandisha kwenye nta, nakikata, nakipaka rangi, nakiweka chini ya hadubini. Nimefanya hivyo miaka 19, na katika miaka hiyo yote swali langu kwa kila kinyama limekuwa moja: uvimbe huu unasikiliza nini?

Mtanistahimili nikilirudia swali hilo. Nalirudia kwa sababu mama yangu mdogo hakuulizwa.

Aliota uvimbe titi la kushoto. Alikwenda kituoni, sitakitaja, na waliokuwepo walikuwa watu wema waliozidiwa na kazi. Wakachukua kinyama. Fomalini, ile dawa ya kuzuia kinyama kisioze, ilikuwa imeisha, wakakitia kwenye kichupa chenye maji ya dripu, wakampa binamu yangu akipeleke mjini. Binamu akangoja mshahara, akangoja basi. Siku ya nne ndipo kichupa kilipofika. Jibu liliporudi lilisema ni saratani, na chini yake, kwenye sehemu ya vipokezi, kulikuwa na neno moja: haisomeki. Kinyama kilikuwa kimeharibika. Mama mdogo akatibiwa kwa kubahatisha. Alitutoka mwaka 2011, na mpaka leo hakuna aliye hai anayejua uvimbe ule ulikuwa unasikiliza nini.

Sasa mtaniuliza, uvimbe una masikio?

Ngoja niwaeleze. Seli ya mwili haikui kwa kujiamulia. Inabishiwa hodi. Wewe uko jikoni unakata kitunguu, kisu kinateleza, kidole kinachanika. Damu inatoka, halafu inaganda. Vile vigandisha damu vidogo, chembe sahani, vinamwaga protini fulani pale kwenye jeraha. Protini hiyo inaelea mpaka kwenye ngozi ya seli za jirani, inagonga: hodi! Seli ina mlango wake, tunauita kipokezi. Kipokezi kikishaguswa kinapeleka habari ndani, mtu hadi mtu, mpaka kwenye kiini, na seli inaitika: karibu! Inajigawa. Inakuwa mbili, nne, nane. Jeraha linajaa. Kidole kikishapona, hodi zinanyamaza na seli zinatulia. Ndiyo maana kidole chako hakiendelei kukua mpaka kikawa kama muhogo.

Protini hizo zinazobisha hodi zinaitwa vichochezi vya ukuaji. Bila hizo, mtoto asingekua tumboni na kidonda kisingepona. Ni neema. Na saratani, ndugu zangu, ni seli iliyoanza kuitika karibu wakati hakuna aliyebisha. Haikuletwa na jirani, haikutupwa na mtu mlangoni kwako usiku. Nasema hivi kwa sababu najua humu ndani kuna mama ambaye ameshapoteza miezi sita akizunguka kumtafuta aliyemroga. Mama yangu, miezi sita kwenye titi ni mingi sana.

Haya tumeyajuaje? Nani aliyetambua kwamba seli hubishiwa hodi? Hapa naomba niwapeleke Italia, kwa mwanamke mmoja ninayempenda kama mtu wa ukoo wangu.

Rita Levi-Montalcini alizaliwa Turin mwaka 1909, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake hakutaka mabinti zake wasome chuo kikuu, akiona masomo yatawaharibia kazi ya kuwa wake na mama. Nyumbani kwao kulikuwa na mlezi aliyewalea, jina lake Giovanna, na Giovanna akaugua saratani ya tumbo akafa. Rita akaenda kwa baba yake akamwambia anataka kuwa daktari. Baba akakubali, bila furaha. Mwaka 1936 binti akamaliza udaktari.

Miaka miwili baadaye serikali ya Mussolini ikatunga sheria za ubaguzi wa rangi. Wayahudi wakafukuzwa vyuoni. Rita akafungiwa maabara. Mngefanya nini ninyi? Yeye alirudi chumbani kwake, chumba cha kulala, akakigeuza maabara. Wanafunzi wa maabara, nisikilizeni ninyi hasa, ninyi mnaoniambia hatuna vifaa. Visu vyake vilikuwa sindano za kushonea alizozinoa kwenye jiwe mpaka zikawa nyembamba. Alikuwa na koleo dogo la fundi saa na mkasi mdogo wa daktari wa macho. Na kitu alichokichunguza kilikuwa kile ambacho hata vita haikuweza kumnyang'anya: yai la kuku.

Mabomu yalipozidi Turin familia ikakimbilia vilimani, naye akawa anapita kwa wakulima kwa baiskeli akiomba mayai. Aliwaambia ni kwa ajili ya watoto wake, na kwamba mayai yenye mbegu ya jogoo yana nguvu zaidi. Hakuwa na mtoto. Hakuzaa maisha yake yote. Alikuwa analipasua yai, anamtazama kifaranga ambaye bado ni kiinitete, anakata chipukizi la mguu, kisha anatazama mishipa ya fahamu iliyokuwa njiani kuelekea kwenye mguu ule inafanya nini. Ikawa inafika, haikuti kitu, inakufa. Akajiuliza: kwani mguu ulikuwa unaipa nini? Yai lililobaki lilipikwa likaliwa. Ilikuwa vita, chakula hakitupwi.

Mwaka 1943 Wajerumani wakaingia. Rita na familia yake wakajificha Florence kwa majina ya uongo. Vita ilipoisha, mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Washington pale St. Louis, Marekani, Viktor Hamburger, alisoma alichokiandika yule dada wa chumbani, akamwita. Aende kwa miezi michache tu. Alikwenda 1947, akafanya kazi huko miaka 30.

Huko ndiko saratani ilipomjibu. Mwanafunzi mmoja wa Hamburger alikuwa amepandikiza kipande cha saratani ya panya kwenye kiinitete cha kuku, akaona mishipa ya fahamu inauingia uvimbe. Rita akarudia. Akaona mishipa imeshamiri kupita kiasi, imejaa kila mahali, imeingia hata ndani ya mishipa ya damu ambamo haina shughuli. Akasema uvimbe huu unamwaga kitu. Kitu gani? Wenzake hawakushawishika. Basi mwaka 1952 akapanda ndege kwenda Rio de Janeiro, kwa rafiki yake aliyejua kuotesha seli kwenye gilasi, akiwa amebeba panya wawili wenye saratani kwenye kisanduku kidogo. Akaweka kifundo cha mishipa ya fahamu upande huu, kipande cha uvimbe upande ule, visigusane. Mara ya kwanza ikashindikana, mara ya pili ikashindikana. Halafu siku moja akachungulia: nyuzi zimechomoza pande zote za kifundo, kama miale ya jua. Alikuwa anamchorea Hamburger kwa wino, kwenye barua.

Nimezitazama picha za majaribio hayo mara nyingi, na kila nikizitazama nafikiri jambo moja. Vitu viwili havigusani, na kimoja kinamwita mwenzake. Ile ndiyo hodi. Watu wameonyeshwa hodi kwa macho.

Akaja kijana wa Brooklyn, mtoto wa fundi cherehani, Stanley Cohen, mtaalamu wa kemia ya viumbe. Kazi yake ilikuwa kukitafuta hicho kitu, kukisafisha, kukishika. Walijaribu kukimeng'enya kwa sumu ya nyoka, na sumu yenyewe ikawa na kichochezi kingi kuliko uvimbe. Wakajiuliza, sumu ya nyoka hutoka kwenye tezi, na tezi hizo zinafanana na tezi za mate. Wakapima tezi za mate za panya dume. Humo kimejaa! Nawaambia, nikisoma habari hii huwa nasimama.

Sasa hapa, wauguzi wangu, hapa ndipo penye fundisho la macho. Cohen alikuwa akiwadunga vitoto vya panya maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi hizo. Alitazamia mishipa ya fahamu. Badala yake akaona vitoto vimefumbua macho. Kitoto cha panya huzaliwa macho yamefumba, na hufumbua baada ya karibu wiki mbili. Hivi vilifumbua siku ya 7. Na meno yalitokeza mapema. Kichochezi cha mishipa ya fahamu hakifanyi hivyo. Mtu mwingine angesema dawa yangu imechafuka, nianze upya. Cohen akasema: kwenye uchafu huu kuna kitu kingine. Akahamia Nashville mwaka 1959, akakifuatilia, na mwaka 1962 akatangaza kuwa amekipata: kichochezi cha ukuaji wa ngozi. Ndicho kilichokuwa kinakomaza ngozi ya kope mpaka jicho likafumbuka.

Kope za panya. Mtu alizitazama kope za panya. Shikeni hilo, nitalirudia.

Mwaka 1984 watafiti wakagundua jambo lililowatoa watu jasho. Kuna kirusi kinachowapa kuku saratani ya damu. Walipoisoma protini ya kirusi hicho wakaikuta ni sura ya kipokezi cha kichochezi cha Cohen, ila kimekatwa kichwa. Ni mlango usio na ubao, upo wazi usiku na mchana. Hodi haihitajiki tena. Seli inaitika karibu, karibu, karibu, mpaka inamwua mwenyeji wake. Mwaka mmoja kabla walikuwa wameona upande mwingine wa mambo: kirusi cha saratani ya nyani kinachotengeneza hodi yenyewe, ile protini ya chembe sahani niliyowaambia kwenye kidole kilichokatwa na kisu. Kwa hiyo kuna seli inayojibishia hodi, na kuna seli yenye mlango uliong'oka. Mwaka 1986 Rita na Cohen wakapewa Tuzo ya Nobel. Rita alikuwa na miaka 77, na alikuja kuishi mpaka 103.

Iko na njia ya tatu, na hii ndiyo inayotuhusu sisi tuliomo ukumbini.

Seli inaweza kujiwekea milango mingi mno. Kipokezi kimoja, ndugu wa kile cha Cohen, kinaitwa HER2. Seli ya kawaida ya titi inavyo makumi ya maelfu. Seli ya saratani ambayo jeni ya HER2, yaani maagizo ya kutengeneza mlango huo, imerudufiwa ndani yake, inaweza kufika milioni mbili. Los Angeles, daktari Dennis Slamon na wenzake walizichunguza saratani za matiti za wanawake 189, wakatoa majibu mwaka 1987: jeni hiyo ilikuwa imerudufiwa kwa zaidi ya robo ya wanawake, na hao ndio ambao ugonjwa uliwarudia haraka na kuwaua haraka. Leo tunahesabu karibu mgonjwa 1 kati ya 5.

Slamon hakuishia kuhesabu. Kama uvimbe unaishi kwa mlango huu, tuuzibe. Ikatengenezwa kingamwili, protini inayokwenda kukaa mlangoni pa HER2 na kuzuia. Jina lake trastuzumab. Marekani iliidhinisha mwaka 1998. Mwaka 2005 majaribio makubwa yakaonyesha kwamba wanawake wenye HER2 waliopewa dawa hii mapema, pamoja na dawa za kawaida, hatari ya ugonjwa kuwarudia ilipungua karibu kwa nusu. Nusu! Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwishoni mwa 2019 likaidhinisha ya kwanza kati ya zile zinazofanana nayo, ambazo ni nafuu zaidi. Bado ni ghali. Sitawadanganya. Hudungwa kwa dripu kila wiki tatu, kwa kawaida mwaka mzima, na moyo lazima upimwe kwa sababu unaweza kulegea. Lakini ipo.

Na jina HER2 ni kifupi tu: kipokezi cha pili cha binadamu cha kichochezi cha ukuaji wa ngozi. Kile kile. Kila mwanamke mwenye HER2 kwenye jibu lake amebeba karatasini jina la kitu kilichofumbua macho ya vitoto vya panya.

Naomba niwaonyeshe kazi yangu kidogo. Kinyama kikiwa ndani ya nta kinakuwa kama kipande cha mshumaa. Nakiweka kwenye mashine yenye wembe, nazungusha gurudumu, kinatoka kipande ambacho unene wake haufiki hata sehemu ya 10 ya unywele mmoja. Nakielekeza kwenye maji ya uvuguvugu. Kinatanda juu ya maji kama utando wa maziwa, na mimi nazuia pumzi, maana ukikipumulia kinajikunja. Nakichota kwa kioo. Kisha namwagia kingamwili inayoitafuta HER2, namwagia rangi, nasubiri. Kama milango ni michache, sioni kitu. Kama ni mingi, kila seli inajizungushia mstari wa kahawia, seli kwa seli, mpaka kioo kizima kinaonekana kama jarife lililoanikwa ufukweni. Hiyo tunaiandika tatu. Sifuri na moja tunaziita hasi. Mbili ni mashaka, inabidi jeni yenyewe ihesabiwe.

Lile jarife nililiona mara ya kwanza mwaka mmoja baada ya kumzika mama mdogo. Niliondoka kwenye kiti nikaenda kusimama nje.

Sasa, jarife hilo haliji lenyewe. Linataka kinyama kizima. Wauguzi, wanafunzi, haya naomba muyaandike. Kinyama kikitoka kwenye titi kiingie kwenye fomalini ndani ya saa moja. Iwe fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa. Spiriti haifai, maji ya dripu hayafai, maji ya bomba ndiyo kabisa. Fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa kinyama, na kikopo kiwe na mdomo mpana, kwa sababu kinyama kinachoingia laini kwenye chupa nyembamba hutoka kigumu na hukwama. Kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72 kabla ya sisi kukishughulikia. Andikeni saa kilipotoka mwilini. Saa, pamoja na tarehe. Kama fomalini imeisha, piga simu. Nipigie mimi. Ni heri mgonjwa arudi Jumatatu kuliko kinyama kikaoza Ijumaa.

Na ninyi mnaouguza. Mama akipewa jibu la saratani ya titi, karatasi ile ina mistari mitatu ya vipokezi. Miwili ni ya homoni, estrojeni na projesteroni, ambazo nazo huuambia uvimbe ukue. Wa tatu ni HER2. Estrojeni ikiwa chanya, iko dawa ya vidonge, tamoksifeni, ya siku nyingi, ya bei nafuu, mara nyingi kidonge kimoja kwa siku kwa miaka mitano au zaidi. Kuna wanawake wanaokosa kidonge hicho kwa sababu tu mstari ule haukujazwa. Kwa hiyo muulize daktari, kwa adabu na bila woga: daktari, vipokezi vimepimwa? Vimetoka vipi? Akisema havikupimwa, ile nta tunayo. Tunaitunza kabatini miaka na miaka. Inaweza kutolewa leo ikapimwa leo.

Kuna dada mmoja aliniuliza hapo nje kabla hatujaanza, je, vyote vitatu vikitoka hasi? Basi dada yangu, uvimbe huo unasikiliza kitu kingine, na tiba yake kubwa mpaka sasa ni dawa za dripu na upasuaji, pamoja na mionzi inapobidi. Hasi haina maana ya kurudishwa nyumbani. Wapo wanaopona, na mmoja wao amekaa safu ya tatu, kanikubalia niseme hivyo, ila jina lake abaki nalo mwenyewe.

Nimekuja na hadubini. Iko pale mezani karibu na dirisha, na nimeshaweka kioo kimoja chenye tatu na kingine chenye sifuri. Havina majina. Njooni mmoja mmoja, jicho likaribie bila kugusa, na gurudumu la pembeni mzungushe polepole mpaka picha isimame. Mama wa safu ya kwanza mwenye fimbo, njoo uanze wewe, nitakushikia kiti.